Unatafuta gari used ya bei poa na yenye raha kwa kijana? Soma kwanza kabla hujatoa hela

Kijana akisema anataka gari "yenye moto" mara nyingi anamaanisha hp nyingi (nguvu za farasi, kipimo cha nguvu ya injini) na ekzosi ya kupiga kelele, na hapo ndo hela inapoanza kupotea. Gari yenye hp nyingi ikiuzwa bei ya chini jua kuna sababu, aliyekuwa nayo ameshaila nyama yote sasa anakuuzia mifupa. Na raha yenyewe kwa dereva mpya inatoka kwenye wepesi wa gari kuliko nguvu: gari fupi, ndogo, ya kilo 1,000 hadi 1,150 hivi, gia manyuo, stelingi inayokwambia tairi za mbele zinafanya nini. Gari kama hiyo unaikanyaga mafuta mpaka mwisho, unabadilisha gia mbili tatu, na bado hujavunja sheria ya spidi, wakati mwenye hp 300 anagusa pedali kidogo tu anatakiwa aachie. Sasa hapo nani anafaidi?

Mfano ninaoupenda ni Suzuki Swift Sport, ile ya injini 1.6 iliyotoka katikati ya miaka ya 2000. Ina hp kama 125 tu, haina tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), uzito kilo elfu moja na kidogo, na injini yake inapenda kuzungushwa mpaka juu kabisa. Mazda2, sehemu nyingine inaitwa Demio, ya kuanzia 2007 nayo usiidharau, Mazda waliipunguza kama kilo 100 ukilinganisha na iliyoitangulia, kipindi ambacho kila kampuni inanenepesha gari zake, na ndo maana hata ikiwa na injini ya kawaida ya 1.3 au 1.5 kwenye kona inatulia vizuri sana. Honda Fit au Jazz haina sifa za mbio ila tanki lake la mafuta lipo chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma unavikunja kwenda juu unaingiza baiskeli imesimama, na ukiipata ya manyuo na injini ya 1.5 utashangaa. Ford Fiesta ya manyuo ina chesisi tamu kuliko nyingi za saizi yake, lakini ile oto yake ya klachi mbili ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaa nayo mbali, ilisumbua watu wengi hadi ikafika mahakamani Marekani.

Af kuna Mazda MX-5. Ilianza 1989, ile ya kwanza haifiki hata tani moja, nguvu inaenda tairi za nyuma, viti viwili basi. Watu wanasema viti viwili ni hasara, kwa kijana mimi naona ni faida kabisa, maana inajulikana kwamba hatari ya ajali inapanda dereva mchanga akibeba marafiki wa rika lake, na humo hata wakitaka kujazana hawaingii. Shida ni kwamba zile za zamani hazina mfumo wa kuzuia gari kuserereka, na gari ya kusukumwa na tairi za nyuma mikononi mwa mtu mpya barabara ikiwa imelowa, hapana, chukua ya miaka ya karibuni au mwache kwanza azoee kwenye gari ya tairi za mbele. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ za kuanzia 2012 ni tamu mno, hp 200, ila zinazofika bei ya chini nyingi zimeshachezewa drifti (kuserereshwa makusudi kwenye kona) mpaka basi.

Mitego sasa. Mazda RX-8, ilitengenezwa 2003 hadi 2012, inavutia, inauzwa bei ya kutupa, ila injini yake ni ya rota (haina pistoni, ina kipande kinachozunguka ndani), inakula oili kwa jinsi ilivyobuniwa yenyewe, na sili zake zikichoka kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) inashuka, asubuhi haiwaki au ikipata moto haiwaki tena. BMW za zamani, kwa mfano E46, zinaendesheka raha sana lakini mfumo wa kupoza injini una plastiki nyingi ambazo umri ukifika zinapasuka, injini inachemsha, na spea hazitajali kwamba wewe gari ulinunua rahisi. Subaru za tabo zilizopita kwa vijana wanne kabla yako, sina la kuongeza.

Kabla hujaenda kuangalia gari yoyote piga simu za bima uulize bei kwa umri wa huyo dereva na modeli hiyo hiyo unayoitaka, maana tofauti kati ya Swift ya kawaida na Swift Sport kwenye bima ya kijana inaweza kukubadilishia mpango mzima. Na bajeti usiimalize kwenye gari. Ukiwa na kumi, tafuta gari ya nane, mbili zinazobaki ni za tairi, breki, oili, na lile jambo ambalo hukuliona siku ya kununua, kwa sababu huwa lipo.

Usalama nausema kwa kifupi ila siuchukulii juu juu: sharti langu ni ESC, wengine wanaiita ESP au VSC, ule mfumo unaofunga breki ya tairi moja moja gari ikianza kuserereka. Marekani ililazimishwa kwa gari zote ndogo kuanzia modeli za 2012, na Ulaya kwa gari mpya zote kuanzia Novemba 2014, kwa hiyo ukinunua ya miaka hiyo kwenda mbele ya masoko hayo unakuwa nayo, za nyuma inabidi uangalie moja moja. Tafuta swichi yenye alama ya gari na mistari ya kuyumba chini yake. Kitu kingine ni ebegi za Takata, zile ambazo zikifunguka zinaweza kurusha vipande vya chuma. Zilifungwa kwenye mamilioni ya gari za Honda, Toyota, Mazda, BMW na wengine, na gari nyingi za umri huu tunaoongelea zimo. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, ikitokea ina riko (wito wa kampuni wa kuirudisha gari irekebishwe) haijafanyiwa, wanabadilisha bure.

Haya, siku ya kuiona. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika cha kwanza weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto amekwambia kitu bila kufungua mdomo, gari ngumu kuwaka baridi huwa wanaipasha kwanza. Njoo mchana, isiwe imenyesha, maana maji kwenye bodi yanaficha rangi ya kurudia. Simama kona ya nyuma ya gari uangalie ubavu wote kwa mkupuo, mwanga unavyoteleza kwenye milango, sehemu iliyonyooshwa itayumbisha mwanga. Angalia nafasi kati ya boneti na madigadi kulia na kushoto, zilingane. Bolti zinazoshika madigadi ukifungua boneti, je rangi imechubuka kwenye vichwa? Basi ziliwahi kufunguliwa, muulize kwa nini. Na vioo, kila kioo kina muhuri wa aliyekitengeneza chini kwenye kona, kimoja kikiwa tofauti na vingine kilibadilishwa, inaweza kuwa jiwe tu, inaweza kuwa kubwa zaidi ya jiwe.

Tairi zinasema mengi kuhusu mwenye gari kuliko mwenye gari mwenyewe. Pembeni mwa tairi tafuta neno DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za miaka kumi hata kashata (meno ya tairi) zikiwa zimejaa hizo hesabu kama hazipo, zimekauka. Ukikuta tairi nne za kampuni nne tofauti za bei ya chini kabisa, mtu huyo hata oili alikuwa anabahatisha. Ukikuta imelika upande wa ndani tu, ni alaimenti (mpangilio wa tairi) au bushi (mipira ya sasipenshi) zimekufa au gari iligongwa haikunyooka vizuri. Na kwa gari ya raha hili ni kubwa, tairi nzuri nne zinaibadilisha gari ndogo kuliko kitu chochote utakachofunga, kuliko filta ya hewa ya rangi nyekundu na vistika.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, sehemu ya ndani ambayo kawaida haitoki. Ukiona alama ya matope au mstari wa maji, gari ilizama, ondoka tu. Linganisha kilomita za dashibodi na mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya stelingi, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, gari inayosema kilomita 60,000 haiwezi kuwa na pedali imelika mpaka chuma kinaonekana.

Zungusha swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, ya ebegi iwake, ya ABS (mfumo unaozuia tairi kuganda ukifunga breki ghafla) iwake, halafu ukiwasha zizime zote. Wengi wanatazama tu kama zimezima, wanasahau kutazama kama ziliwaka, na kuna wajanja wanaoitoa kabisa taa ya cheki injini. Beba kisoma kodi, kifaa kinachosoma namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, hivi vya bluetooth ni rahisi, tundu lake lipo chini ya dashibodi upande wa dereva kwenye gari zote za Marekani tangu 1996 na za petroli Ulaya tangu 2001. Hata kama hakuna kodi angalia sehemu inayoonyesha kama vipimo ambavyo gari inajipima yenyewe vimekamilika au la. Vingi vikiwa havijakamilika kuna mtu amefuta kodi juzi tu au kachomoa betri, muulize huku unamwangalia usoni.

Ikiwaka baridi sikiliza sekunde chache za kwanza. Moshi wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta mengi, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani, gasketi ya silinda hedi imekufa. Mvuke mwembamba wakati wa baridi ni kawaida usimwonee mtu. Uliza kama injini ni ya taimingi belti au cheni. Belti nyingi zinatakiwa zibadilishwe kila kilomita 90,000 hadi 120,000 hivi, na ikikatika kwenye injini nyingi valvu zinakutana na pistoni, kwa hiyo kama hana risiti hesabu kwamba haijabadilishwa na upunguze kwenye bei. Hizo Swift Sport, Fit na Mazda2 nilizotaja zina cheni, ambayo nayo inadumu kama oili ilibadilishwa kwa wakati.

Kuiendesha ni lazima na zima redio, muuzaji akianza kuongea sana mwombe akae kimya kidogo. Klachi ipime hivi: uko spidi ya 40, weka gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na spidi haiongezeki klachi imekwisha. Gia ya pili ndo huwa ya kwanza kuchoka kwenye gari zilizokimbizwa, ingiza haraka haraka ukipanda na ukishuka, ikikwaruza ujue giaboksi imepata shida. Kwa oto toa D weka R, ikichelewa halafu ikagonga, achana nayo, na zile za CVT (oto zisizo na gia za hatua) sikilizia mtetemo ukiondoka taratibu. Kwenye barabara iliyonyooka legeza mikono kidogo uone inavuta upande gani, kisha funga breki kwa nguvu sehemu salama, stelingi isitetemeke.

Gari iliyokatwa springi, imefungwa ekzosi kubwa, imeongezwa programu ya nguvu, mimi siichukui kwa kijana hata iwe nzuri vipi. Tafuta iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, ikiwezekana ya mtu mzima aliyetunza risiti, inaboa kuitazama lakini ndo yenye maisha.

Ukiridhika mlipe fundi wako, siyo wa muuzaji, aipandishe juu aangalie kutu, boljointi, buti za shafti zilizopasuka, na uvujaji. Namba ya chesisi kwenye bodi ifanane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo aliyesimama mbele yako. Bei jadili kwa vitu ulivyoviona kwa macho, "tairi mbili zimeisha, breki pedi zimebaki nyembamba, nipunguzie za hivyo", mtu anaelewa, ukisema tu punguza punguza anakasirika.

Ikishakuwa yako wiki ya kwanza badilisha oili na filta, maji ya breki yote maana mengi huwa hayajaguswa miaka, oili ya giaboksi, na plagi kama hujui historia. Halafu mpeleke dogo sehemu wazi isiyo na watu, ikiwezekana kwenye mafunzo yenye mwalimu, afunge breki za ghafla mpaka aisikie ABS inatetemesha pedali mguuni, kwa sababu wengi wakiisikia mara ya kwanza barabarani wanashtuka wanaachia breki.