Tiny Core inasahau kila kitu ukizima? Hivi ndo unaiweka sawa

Umeweka Tiny Core, ule mfumo endeshi mdogo sana wa Linux, kwenye kompyuta kuukuu au kwenye fleshi, ukakaa masaa mawili unapanga setingi zako, ukazima, kuwasha tena unakuta iko kama vile hujawahi kuigusa. Usiitukane bado. Haijaharibika, ndo ilivyotengenezwa, na ukishaelewa hiki kitu kimoja nusu ya matatizo yake yanakwisha yenyewe.

Iko hivi. Tiny Core, mradi ulioanzishwa na Robert Shingledecker ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye Damn Small Linux (Linux nyingine ndogo), kimsingi ni faili mbili tu: keneli, yaani moyo wa mfumo, inayoitwa vmlinuz na faili la core.gz (kwenye ile ya bit 64 ni vmlinuz64 na corepure64.gz). Ukiwasha, hilo faili la pili linafunguliwa lote ndani ya RAM na mfumo unaendeshwa kutoka humo humo, diski haiguswi. Ndo maana hata yenye disktopu inaweza kuwaka kwenye mashine ya RAM MB 46, na ndo maana pia ukizima kila ulichobadilisha kinapotea, kwa sababu kilikuwa RAM. Kila ukiwasha unaanza na mfumo msafi.

Sasa swali la kujiuliza kila unapobadilisha kitu ni moja: hiki nimekiweka wapi? Sehemu za kudumu ziko tatu. Kuna folda la tce kwenye diski, humo zinakaa programu. Kuna bakapu, faili linaloitwa mydata.tgz ambalo nalo linakaa humo humo kwenye tce. Na kuna home (folda la vitu vyako na setingi zako) au opt (folda la skripti za mfumo) ya kudumu, ukiamua kuzihamishia diski. Kitu ambacho hakipo kwenye mojawapo ya hizo tatu, hesabu kimekwenda.

Tuanze na programu. Fungua teminali ukiwa yuza wa kawaida (jina lake ni tc), usiwe ruti (yuza mwenye mamlaka yote), maana tce-load, amri ya kuleta programu, inakataa ukiiendesha kama ruti na watu wengi wanakwama hapo wakidhani mtandao ndo mbovu:

tce-load -wi nano

Hapo nano ni jina la programu, hiyo w ni kudaunilodi, i ni kuipandisha. Faili linashuka kwenye tce/optional likiwa na mwisho wa .tcz, na jina lake linaandikwa kwenye onboot.lst ili ipande yenyewe kila ukiwasha. Programu ambayo huitumii kila siku itoe kwenye onboot.lst (ni faili la maandishi tu, futa mstari wake), itabaki kwenye optional na ukiihitaji unaipandisha kwa tce-load -i peke yake. Kuwaka kunakuwa haraka zaidi, mimi yangu nimeacha sita tu za kupanda mwanzoni.

Ukiona programu zinapotea kila ukiwasha, andika:

ls -l /etc/sysconfig/tcedir

Ikikuonyesha /tmp/tce basi mfumo haujaona folda lako kwenye diski, umedaunilodi kila kitu ndani ya RAM, yaani kazi bure. Dawa ni kuongeza kodi za kubuti, yaani maneno ambayo mfumo unayasoma wakati wa kuwaka. Kama uliinsitoli kwa ile programu yake ya kuinsitoli, faili la kuediti ni tce/boot/extlinux/extlinux.conf, mstari unaoanza na APPEND, unaongeza mwishoni tce=sda1 au jina la patisheni yako (kipande cha diski chenye folda la tce). Ukitumia fleshi ongeza na waitusb=5, kwa sababu fleshi nyingi zinachelewa kuamka na mfumo unapita bila kuziona, na hili ndo tatizo ninaloliona kuliko yote. Leo inawaka vizuri kesho haina kitu, mtu anadhani fleshi imekufa kumbe ni sekunde chache tu za kusubiri.

Haya, bakapu. Kinachoingia kwenye mydata.tgz kinaamuliwa na faili la /opt/.filetool.lst na kwa kawaida lina opt na home tu. Kwa hiyo chochote ulichobadilisha kwenye /etc hakimo! Mimi nilibadilisha pasiwedi mara tatu siku tatu tofauti kabla sijagundua hili, kila nikiwasha pasiwedi imeyeyuka. Fungua hilo faili uongeze, bila mkwaju (/) wa mwanzo:

etc/passwd
etc/shadow
usr/local/etc/wpa_supplicant.conf

huo wa tatu ni mfano tu, weka faili zako kama unazo. Alafu fanya bakapu yenyewe:

filetool.sh -b

Ukizima kwa kitufe cha Exit kwenye disktopu kuna chaguo la bakapu, hakikisha liko kwenye Backup na sio None. Na ukizoea kuandika sudo poweroff kwenye teminali jua kwamba hiyo inazima moja kwa moja, bakapu haifanyi. Tumia exitcheck.sh shutdown, hiyo ndo inafanya bakapu kwanza.

Baada ya wiki kadhaa utaona kuzima kunachukua dakika nzima, na kuwasha hivo hivo. Sababu karibu kila mara ni brauza. Inajaza takataka zake kwenye home, home inapakiwa yote kwenye mydata.tgz kila ukizima, inafunguliwa yote ndani ya RAM kila ukiwasha. Angalia kinachokula nafasi kwa du -sh /home/tc/.[a-z]* utamwona mchawi. Unaweza kuandika majina ya vitu visivyotakiwa kwenye /opt/.xfiletool.lst, hilo ni la kuzuia, lakini kama kompyuta ina diski mimi nakushauri uachane na habari ya kupakia home kabisa, ongeza home=sda1 kwenye kodi za kubuti ili home ikae diski moja kwa moja, kisha hakikisha neno home limetoka kwenye .filetool.lst usije ukaendelea kuipakia. Patisheni iwe ext4 au nyingine ya Linux, FAT haijui mambo ya ruhusa za faili itakusumbua.

Sasa kuipendezesha. Vitu vya kuanza vyenyewe vina sehemu mbili na watu wanazichanganya. Amri zinazohitaji ruti na hazihusiani na skrini, kama kuwasha seva ya ssh au kubadilisha IP, zinakaa /opt/bootlocal.sh, ambayo inaendeshwa kama ruti mwishoni mwa kuwaka. Programu zenye madirisha zinataka skrini iwepo kwanza, hizo unatengeneza faili dogo ndani ya ~/.X.d lenye amri yake na alama ya & mwishoni. Ukiweka programu ya madirisha kwenye bootlocal.sh haitafunguka, italalamika haioni display.

Hutaki FLWM, ile programu inayopanga madirisha ya disktopu? Wengi hawaitaki, mimi mmojawapo. Daunilodi jwm au openbox au icewm, kisha ongeza desktop=jwm kwenye kodi za kubuti. Ile ya zamani usiifute siku hiyo hiyo, subiri uone mpya imewaka.

Kitu kingine kitakachokuchanganya: unataka kuediti faili la setingi lililokuja na programu, sema liko /usr/local/share, unaambiwa ni la kusoma tu hata ukiwa ruti. Hiyo ni kwa sababu .tcz haifunguliwi kama zipu, inapachikwa ndani ya /tmp/tcloop na unachokiona /usr/local ni njia za mkato kuelekea huko. Nakili faili kwanza pembeni, futa ile njia ya mkato, rudisha nakala yako mahali pake, editi, alafu liandike kwenye .filetool.lst.

Waifai nayo ina mtego wake, unahitaji intaneti ili upate waifai. Tumia waya wa mtandao mara ya kwanza, au anza na CorePlus (Tiny Core iliyoongezewa vitu) ambayo imebeba vya waifai tayari. Kisha:

tce-load -wi wifi
sudo wifi.sh

Inakuletea orodha unachagua. Kama haioni kadi kabisa, andika dmesg | grep -i firmware, mara nyingi itakutajia jina la faili la femuwea (programu ndogo ya kuiendesha kadi) inayolitafuta na kulikosa, hapo unajua udaunilodi firmware-iwlwifi, firmware-rtlwifi au nyingine kulingana na kadi. Ikishakubali, weka mstari huu kwenye bootlocal.sh ijiunge yenyewe:

/usr/local/bin/wifi.sh -a > /tmp/wifi.log 2>&1

Pasiwedi za waifai zinahifadhiwa kwenye wifi.db ndani ya home, maandishi ya wazi kabisa, kwa hiyo fleshi yako usiigawe gawe.

Usichukue .tcz kutoka toleo jingine la Tiny Core au kuchanganya ya bit 32 na 64, na zile zenye namba ya keneli kwenye jina lazima zilingane na unachoonyeshwa na uname -r. Programu ikikataa kufunguka kimya kimya iendeshe kutoka teminali, utaona inataja laibrari inayokosekana. Na skripti ya bash ikisema not found wakati faili unaliona kwa macho, ujue humu ndani kuna shell (programu inayosoma amri) ndogo ya BusyBox tu, sio bash, insitoli bash.tcz na mstari wa kwanza wa skripti uwe #!/usr/bin/env bash.

Skrini ikibaki nyeusi ongeza text kwenye kodi za kubuti, utaingia bila disktopu. Ukitumia Xorg (programu inayochora disktopu kwenye skrini) soma /var/log/Xorg.0.log mistari yenye EE. Kwenye mashine ndogo Xvesa, mwenzake mwepesi, inatosha ila iko kwa bit 32 tu.

Tuseme sasa mfumo wote umevurugika, hauwaki vizuri na hujui ulichogusa. Usifute kitu. Washa na kodi hizi mbili:

base norestore

Base inaiambia isipandishe programu zako, norestore isirudishe bakapu. Ikiwaka safi hivo, keneli na mashine viko sawa, kosa ni lako (pole). Washa tena na base peke yake. Ikiharibika, mchawi yuko ndani ya mydata.tgz. Isipoharibika washa na norestore peke yake, ikigoma basi ni programu mojawapo kwenye onboot.lst, toa nusu ya mistari, jaribu, toa nusu tena mpaka umpate. Kabla hujamtupa angalia kama faili lilishuka nusu, kila .tcz ina mwenzake wa .md5.txt:

cd /etc/sysconfig/tcedir/optional
md5sum -c jina.tcz.md5.txt

Ukiwa ndani ya norestore usifanye bakapu kwa bahati mbaya, utaandika home tupu juu ya home yako nzima. Kwenye Exit chagua None. Kama unaogopa mkono wako, zoea filetool.sh -s badala ya -b, hiyo inabakiza bakapu iliyopita kwa jina la mydatabk.tgz. Na bakapu yenye kosa sio lazima uitupe yote, unaorodhesha vilivyomo kwa tar -tzf mydata.tgz, unachomoa faili unalolitaka na kuliweka /tmp:

tar -xzf mydata.tgz -C /tmp home/tc/.ashrc

hilo .ashrc la mfano (faili la setingi za teminali) ndo lilinigomea mimi, nilisahau kufunga alama moja ya nukuu.