SOMO: Kuhamisha kwiri za JOIN kutoka Oracle kwenda kanzidata nyingine

Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa. Mifano ni ya mfumo wangu wa mwaloni: jedwali la mitumbwi (t) na la mauzo ya sangara (m).

1. Koma kati ya majedwali itoe, weka JOIN na ON. Ni SQL-92 (kiwango cha SQL cha 1992), inakubalika kote.

2. Ukitaka kwiri iendelee kukubalika Oracle pia, usiweke AS kabla ya kifupi cha jedwali, Oracle inaikataa.

3. USING na NATURAL JOIN havipo SQL Server. Andika ON.

4. Alama ya (+), ambayo Oracle huiweka upande wa jedwali linaloweza kukosa mstari unaolingana. Hapa ndipo nilipoumia. Kwiri ya zamani:

WHERE t.id = m.mtumbwi_id(+)
AND m.siku(+) = :leo

Mstari wa kwanza niliupeleka kwenye LEFT JOIN, wa pili nikauacha WHERE, nikafuta alama tu. Hakuna kosa lililotokea. Ila kila mtumbwi ambao haukuuza siku hiyo ulitoweka kwenye ripoti, katibu wa mwalo akaniuliza kama ya Ukerewe imezama yote. Mtumbwi usio na mauzo hupata NULL (hakuna thamani) kwenye m.siku, na WHERE huutupa. Sharti lenye (+) linakaa ndani ya ON:

LEFT JOIN mauzo m
ON t.id = m.mtumbwi_id AND m.siku = :leo

ANGALIA: sharti la jedwali la kushoto, mfano t.mwalo = 'Kayenze', libaki WHERE. Ukilitia ON utaletewa mitumbwi ya mialo yote. Hesabu mistari kabla na baada.

5. MySQL haina FULL OUTER JOIN. Andika LEFT JOIN, UNION ALL, kisha RIGHT JOIN yenye WHERE t.id IS NULL.

MASWALI

– Mkuu yangu inagoma, msaada.
Inagoma vipi? Weka kwiri na kosa lenyewe.

– Ya 4 ndefu, naweza kuiruka?
Iruke. Tutaonana.

– Kaka, kwenye ya 5, kwa nini isiwe UNION tupu?
Swali zuri, dada. UNION hufuta mistari inayofanana. Mtumbwi ukiuza kilo 40 mara mbili siku moja, nawe hukuchagua id ya mauzo, yanabaki mauzo mamoja. UNION ALL haifuti kitu, na ile IS NULL inazuia upande wa pili usirudie wa kwanza.

– Na SQLite ya kwenye simu?
RIGHT na FULL zimeingia toleo la 3.39, mwaka 2022. Simu za mawakala ni za zamani, kwa hiyo kwenye RIGHT geuza majedwali utumie LEFT, na FULL ifanye kama ya 5 kwa LEFT mbili.

– Mimi nimetoka MySQL kwenda PostgreSQL, JOIN ya jina la mwalo inarudi tupu.
Umeandika KAYENZE huku na Kayenze kule, sivyo? MySQL kwa kawaida huona ni kitu kimoja, PostgreSQL haioni hivyo. Weka LOWER() pande zote mbili kwa leo, kesho uunganishe kwa id.