Kupima vidole vya mgonjwa wa Parkinson kwa kitochi

Mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili uwe mzito na kutetemeka) anayetumia levodopa, dawa ya ugonjwa huo, akitoka Makete au Ileje kuja kliniki Mbeya mjini, daktari anamwona dakika chache tu, tena pengine saa ambayo dawa imeshakolea. Vipimo vya kasi ya vidole vinavyochukuliwa nyumbani ndivyo vinavyoonyesha siku ilivyokwenda. Kwa kazi hii kitochi (simu ndogo ya vitufe) kinaishinda simujanja, maana kioo cha kugusa wakati mwingine hakisomi vizuri vidole vyenye sugu na mipasuko ya jembe.

Hatua ya 1. Fungua sehemu ya kuandika SMS, weka iandike namba badala ya herufi (simu nyingi ni kwa kitufe cha #). Juu itaonekana 160, nafasi zilizobaki.

Hatua ya 2. Laza simu mezani, isishikwe. Mgonjwa abonyeze 1 na 3 kwa kupokezana, kwa kidole cha shahada tu, sekunde 20. Wewe ushike saa na usome namba ya juu ikifika sekunde ya 10, kisha ya 20. Ikishuka hadi 132 halafu 112, amebonyeza mara 28, kisha 20; hizo ndizo namba za kuandika daftarini. Huko kupungua kuna maana kuliko jumla: kwa Parkinson kidole huanza vizuri, kisha mwendo unafifia. Palipoandikwa 11 au 33 amekosea kitufe; hesabu makosa hayo kando.

Hatua ya 3. Mkono wa pili, mstari wake. Ugonjwa huanzia upande mmoja, kwa hiyo usichanganye namba za mikono.

Hatua ya 4. Pima asubuhi kabla ya dawa, na tena kama saa nzima baada ya kumeza, siku 3 kwa wiki. Andika saa ya dawa na alichokula, kwani nyama au maharage huzuia levodopa isifyonzwe vizuri. Wiki ya kwanza namba hupanda kwa kuzoea tu, usilinganishe nayo.

Juni na Julai baridi itakudanganya. Vidole vilivyokufa ganzi hushusha namba kama ugonjwa wenyewe. Viloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 3, uvikaushe, ndipo upime.

Kutetemeka hakupimiki kwa kitochi. Azima simujanja, rekodi video ya sekunde 30 mikono ikiwa imetulia mapajani, huku mgonjwa akihesabu kurudi nyuma kutoka 100. Kisha akinyanyua kikombe. Daktari atataka kujua mkono unatetemeka ukiwa umetulia au ukiwa kazini.

Namba zikishuka wiki kadhaa mfululizo, peleka daftari kliniki, dozi usiiguse. Lakini mkono ukilegea ghafla, uso ukapinda au maneno yakagoma kutoka, achana na simu: hiyo ni dalili ya kiharusi, hospitali saa hiyo hiyo.