Kununua mashine ya SACD na DVD-Audio Lubumbashi: jaribu leza kabla ya kutoa pesa

SACD, diski ya muziki ya Sony na Philips, ilitoka mwaka 1999, DVD-Audio, nayo ya muziki, ikafuata mwaka 2000, zikagombania kiti cha CD na hakuna iliyokipata. DVD-Audio imekwisha. SACD bado inatolewa kidogo kidogo, hasa ya muziki wa klasiki na jazi. Oppo, ambao mashine zao zilisoma zote mbili, waliacha kuzitengeneza mwaka 2018. Kwa hiyo utakayoikuta soko la Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi) au mjini karibu kila mara ni ya mtumba, na kinachochoka mapema ni leza.

Nenda na diski tatu za kiwandani: CD, DVD ya filamu isiyofungwa kanda (inayokubali mashine ya nchi yoyote), na SACD ya haibridi, ile yenye tabaka la CD na la SACD pamoja. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780. DVD na tabaka la SACD kwa 650. Ndiyo maana muuzaji akikuwekea CD ikaimba vizuri, bado hujaona kitu. Weka DVD. Ikizunguka, ikisitasita, kisha kioo kikasema hakuna diski, lenzi ina vumbi au leza ya 650 inakufa. Pitisha pamba yenye alikoli ya isopropili juu ya lenzi mara moja, kwa mkono mwepesi, iache ikauke, ujaribu tena. Ikikataa tena, iache hapo. Usijaribu na DVD iliyochomwa kwenye kompyuta, kwa sababu huakisi mwanga kidogo na itakudanganya. Na DVD ya kanda 5, yaani ya sehemu kubwa ya Afrika, itakataliwa na mashine ya Ulaya (kanda 2) hata kama leza ni nzima.

Mwisho weka SACD. Kioo kiandike SACD. Kikiandika CD, tafuta kitufe au menyu ya kubadili tabaka kabla ya kuilaumu leza.

Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ya Japani hutaka volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka kwenye 220 zetu bila transfoma inaungua papo hapo.

Waya pia huwapotosha wengi. Kebo ya optiki haipitishi SACD. Tumia RCA mbili kwa stereo, sita kwa sauti ya kuzunguka, au HDMI toleo la 1.2 na kuendelea, ila amplifaya nayo iwe inapokea DSD, yaani mfumo wa sauti wa SACD. DVD-Audio nyingi hulia kwenye deki yoyote ya DVD, lakini hapo unasikia Dolby Digital iliyobanwa. Ili upate biti 24 kwa kilohezi 96 au 192, lazima mashine iwe na nembo ya DVD-Audio.

Kwenye diski, tunashauri haibridi tu: mashine ikifa, muziki wako utaendelea kulia kwenye redio yoyote ya CD. Weka stabilizeta, na umeme ukikatika chomoa waya. Usirudishe hadi volti zitulie.