Jinsi ya kutunga lugha ya programu ya mafumbo, hatua kwa hatua

Wengi wakitaka kutunga lugha ya ajabu wanaanzia kwenye alama, wanarundika nukta na mabano mpaka hata wao hawajui nini kinaendelea, halafu wanaiacha njiani. Anza na mashine. Ugumu ukae kwenye kusoma na kuandika tu, huko ndani sheria ziwe chache na zinyooke, maana anayependa mafumbo anataka fumbo lenye jibu.

Hatua ya 1, mashine. Tuchukue staki moja (rundo ambalo unaweka na kuchomoa juu tu) ya namba 0 mpaka 255, na 255 ukiiongezea 1 inarudi 0. Hapo tayari huhitaji amri ya kutoa, sababu kupunguza 1 ni sawa na kujumlisha 255.

Hatua ya 2, amri. Brainfuck, lugha ya mafumbo ya Urban Müller ya 1993, ina amri 8 tu. Sisi tuanze na nne: ' inaweka 1, " inaweka kopi ya namba ya juu, ; inachomoa mbili za juu na kurudisha jumla yake,! inachomoa ya juu na kuichapa kama herufi. Alama zinafanana makusudi kabisa, jicho lichoke haraka. Kwenye namba za herufi za kompyuta (ASCII) A ni 65, kwa hiyo unaweka 1, unaidabo kwa "; mara sita ifike 64, unaongeza 1:

'";";";";";";';!

Hatua ya 3, kigeugeu, na kiwe kimoja tu. Malbolge, lugha nyingine ya mafumbo ya 1998, inabadilisha kila amri ikishatekelezwa, ndo maana programu yake ya kwanza ilibidi itafutwe na kompyuta. Tusifike huko. Kwetu, kila ! ikichapa, ' na " zinabadilishana kazi. A ya pili inakuwa hivi:

"';';';';';';";!

Hapa ndo napapenda mimi, kazi ileile sura nyingine kabisa, na ukiiweka kwenye lupu (kipande cha kodi kinachorudiwa) yenye ! moja basi kodi ileile inamaanisha kitu tofauti kila mzunguko!

Hatua ya 4, lupu. ( inaruka kupita ) yake kama namba ya juu ni 0, na ) inarudi kwenye (. Staki moja ya namba zenye kikomo haitoshi kwa hesabu zote, ongeza ya pili pamoja na amri ya kuhamisha namba.

Hatua ya 5, intapreta, yaani programu inayosoma na kuendesha kodi yako. Lugha ya Python inatosha kuiandika. Tafuta jozi za mabano kabla hujaendesha chochote, kisha pita alama moja moja, na kile kigeugeu kinahitaji variabo moja tu ya ndiyo au hapana. Ukichomoa au kukopi kwenye staki tupu upate 0, programu isife. Alama usizozijua ziruke.

Sasa unganisha ile mistari miwili uiendeshe. Ukipata AA endelea, ukipata A moja na kitu kisichoonekana basi imechapwa herufi namba 12, yaani ' na " hazijabadilishana, kaangalie pale unaposhughulikia !.