Kupanda Mlima kwa Baiskeli ya Zamani bila Kuvunja Krenki, Cheni Wala Ekseli

Juu ya meza yangu kipo kipande chenye urefu wa kidole cha ekseli ya kati, ile fimbo inayobeba krenki, yaani mikono ya chuma ya pedali,, kilichokatika kwenye mwinuko wa Riat nilipokuwa nikitoka Mamboleo kuelekea Kiboswa. Nilikuwa nimesimama juu ya pedali, gunia la mahindi limefungwa kwenye keria, mara mguu wa kushoto ukashuka bila kukutana na kitu, nami nikaufuata hadi kwenye changarawe. Krenki, pedali na ndara yangu vilikuwa vimelala barabarani pamoja. Nilipompelekea fundi mmoja wa Kibuye kipande hicho, alikigeuza kwenye mwanga kisha akasema: "Jaduong' (yaani mzee, kwa Kijaluo), hii haikuvunjika leo. Leo imeachana tu."

Alikuwa amesoma uso wa mkato. Sehemu kubwa ilikuwa laini na nyeusi, imeshika kutu na grisi, ilhali kwenye ukingo mmoja palibaki kipande chembamba kilichong'aa, chenye chembechembe kama sukari. Ile nyeusi ilikuwa imepasuka kidogo kidogo kwa miezi mingi, na ile inayong'aa ndiyo pekee iliyokuwa ikinibeba siku ile. Ukivunja chuma chochote cha baiskeli, utazame mkato wake kwanza kabla ya kukitupa, kwa sababu utakueleza kama ulikizidishia nguvu kwa siku moja au ulikipuuza kwa mwaka mzima. Mara nyingi utakuta ni hilo la pili.

Baiskeli ninazozizungumzia ni zile ambazo huku kwetu huitwa Black Mamba, ziwe ni Raleigh za Nottingham, Hero au Avon za Ludhiana kule India, au Phoenix za Shanghai. Muundo wake ni mmoja: krenki za chuma zinazoshikiliwa kwenye ekseli na kota pini, yaani pini fupi yenye uso mmoja wa mteremko, cheni nene ya gia moja, na friwili, lile gurudumu dogo la meno la nyuma, iliyosokotwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Chuma chake ni kinene, na mguu wa mtu mmoja hauwezi kukivunja kikiwa kimekaa imara. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali ya mbele, krenki ikiwa na urefu wa milimita 170 na chenwili, lile gurudumu la meno la mbele, ikiwa na meno 46, ambayo nusu kipenyo chake ni kama milimita 93, cheni huvutwa kana kwamba imening'inizwa mzigo wa kilo 128 hivi. Cheni nzima hustahimili mara kadhaa ya hapo. Kinachoharibu ni ulegevu, kwa maana sehemu iliyolegea hata kwa unene wa karatasi hupigwa badala ya kusukumwa, na hupigwa maelfu ya mara kati ya Kisumu na Maseno.

Kwa hiyo anzia kwenye kota pini, kwani hapo ndipo ulegevu mwingi huzaliwa. Zilaze krenki zote mbili sambamba na ardhi, ubonyeze pedali zote mbili kwa mikono kwa wakati mmoja, kisha uzungushe nusu mzunguko na ubonyeze tena. Krenki ikishuka kidogo, hata kama ni kwa mlio mdogo tu wa "tik", pini imelegea au imelika. Usijidanganye kwamba ukiikaza nati patatulia. Nati haiivuti pini kuingia. Kazi yake ni kuizuia isirudi nyuma baada ya nyundo kuikaza. Anayeilazimisha nati kufanya kazi ya nyundo hukata uzi wa pini, ile mistari ambamo nati hujisokota, akabaki na mambo mawili ya kurekebisha.

Unaponunua pini mpya, nenda na ile ya zamani mfukoni. Baiskeli za Kiingereza kwa kawaida hutumia pini ya kipenyo cha milimita 9.5, lakini madukani zimechanganyika na za milimita 9, na ile nyembamba huingia kwa urahisi unaomfurahisha mnunuzi hadi siku ya mlima. Zipo pia pini za chuma laini mno, ambazo baada ya wiki moja huwa na kidato palipogusana na ekseli. Ipime pini kwa tupa pale pale dukani, mwenye duka akikuruhusu: tupa ikiing'ata kama sabuni, irudishe.

Pini mpya mara chache hukaa vizuri bila kunolewa. Tumia tupa bapa, ufute kidogo kidogo kwenye ule uso wa mteremko, ukiangalia usiufanye wa mviringo. Iingize, igonge kidogo, itoe, uitazame. Mahali palipoguswa na ekseli patakuwa pameng'aa. Mng'ao ukiwa ukingoni tu, endelea kufuta upande huo. Ukienea karibu uso mzima, na pini ikajitokeza upande wa pili kiasi cha kutosha washa na nati nzima, imekaa. Pini mbili za baiskeli moja huingizwa zikielekeana kinyume, yaani krenki ya kulia ikiwa mbele na nati yake inatazama chini, krenki ya kushoto ikifika mbele nati yake nayo itazame chini. Ukizipanga vibaya, krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja, na magoti yatakuambia kabla ya macho.

Wakati wa kugonga, krenki isishikiliwe na baiskeli yenyewe. Simamisha kipande cha bomba la maji kutoka kwenye sakafu ya saruji hadi chini ya krenki, ncha ya pini ikiingia ndani ya tundu la bomba, ndipo upige nyundo mara tatu au nne kwa uthabiti. Bila bomba hilo, pigo lote hupita kwenye gololi na kuchimba mashimo kwenye vikombe vya ekseli ya kati. Endesha kilomita 10 au 20 za tambarare, ugonge tena, uikaze nati tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na mimi niliiruka.

Mara moja kwa mwaka, ukiwa umezitoa pini, ifungue ekseli ya kati yenyewe. Ufa wangu ulianzia kwenye pembe ya lile pengo ambamo pini hukaa, na hungeonekana kwa macho, ila kuna njia ya zamani isiyohitaji mtambo wowote. Iloweke ekseli kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ipanguse hadi ikauke kabisa, kisha uipake unga wa chaki ya shule kwenye mapengo yote mawili. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka polepole na kuchora mstari mwembamba wenye unyevu juu ya weupe wa chaki. Ekseli yenye mstari huo haichomelewi wala haigeuzwi upande, inatupwa.

Ukiwa bado hapo, kwa kawaida kila upande huwa na gololi 11 za robo inchi, na kikombe cha kulia cha baiskeli za Kiingereza hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na mazoea, sawa na pedali ya kushoto. Mwenye Raleigh ya zamani asivitupe vikombe vyake, kwa kuwa uzi wake una mistari 26 kwa inchi, ilhali vikombe vipya vingi vina mistari 24 na vitaiharibu fremu vikilazimishwa.

Cheni haihitaji maelezo marefu. Pima kwa rula kutoka katikati ya pini moja ya cheni hadi katikati ya pini ya ishirini na tano: cheni mpya hutoa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ibadilishe. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, umechelewa, maana friwili nayo imekwisha kulika. Meno ya friwili iliyokwisha hupinda kama ndoana, na cheni mpya juu ya ndoana hizo huruka unaposimama kwenye pedali, ukajikuta umeketi juu ya bomba la fremu. Klipu ya kiungo cha cheni ikae upande ulioziba ukitangulia kule cheni inakokwenda. Halafu uizungushe krenki polepole ukitafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na ni hapo, si pale ilipolegea, unaporekebisha ili ipande na kushuka kiasi cha nusu inchi. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa huvuta ekseli zote mbili kila mzunguko.

Friwili humsaliti mtu kwa namna nyingine. Ndani yake mna vidole viwili vya chuma vinavyosukumwa na springi ndogo ili vishike meno ya ndani. Mtu mwenye nia njema huijaza grisi nzito, vidole vikaganda, na siku ya kusukuma kwa nguvu kimoja tu ndicho kinachoshika, nacho kikateleza kwa kishindo. Friwili hupewa mafuta mepesi peke yake. Zungusha gurudumu, utege sikio: mlio uwe wa kufuatana sawasawa, usiokosa pigo.

Kama njia yako ya kila siku ni ya kupanda, badilisha friwili ya meno 18 uweke ya meno 22, na uongeze cheni kiungo kimoja. Kwa mlima ule ule na mzigo ule ule, mvuto kwenye cheni, kwenye krenki na kwenye pini hupungua kwa karibu asilimia 18, ingawa kwenye tambarare ya Ahero utaachwa na wenzako. Sijaona badiliko lingine la bei ndogo linaloponya vitu vingi hivyo kwa pamoja.

Ekseli ya nyuma hukatika upande wa friwili, kwa sababu upande huo gololi ziko mbali na mahali fremu inaposhika. Ukiona friwili inayumba kama kofia iliyolegea, au breki inagusa rimu kisha inaachia bila rimu kupinda, itoe ekseli uiviringishe juu ya kioo cha dirisha, iliyopinda haijifichi. Nati zake zikazwe sana, hasa ya kulia, la sivyo kanyago moja kubwa litalivuta gurudumu mbele na tairi litasugua fremu upande wa kushoto.

Yanabaki ya mguuni. Baiskeli ikiwa imesimama, usianze mwendo kwa kuiangukia pedali kwa uzito wote. Sukuma hatua mbili, panda, ndipo ukaze. Kabla ya shimo au tuta, acha kukanyaga, kwa kuwa cheni iliyokazwa na gurudumu linalogongwa hukutana ndani ya friwili. Usirudishe pedali nyuma kisha ukaishindilia mbele. Jenga kasi kabla ya mwinuko na ubaki umekaa kadiri uwezavyo, ukisimama kwa mizunguko michache tu. Miguu ikipunguza mwendo hadi kila kanyago linasikika peke yake, mwombe abiria ashuke, na ikiwa ni gunia, shuka wewe. Pale Riat mimi hushuka kwenye kona ya pili, nasukuma kama mita mia mbili, na njiani hubonyeza pedali zote mbili kwa mkono kusikiliza kama kuna "tik".