Kutoa hewa kwenye breki za gari ukiwa nyumbani Malindi

Ukikanyaga breki pedeli ikazama kuliko kawaida yake, kisha ukaipampu mara mbili tatu ikapanda na kukaza, jua kwenye mabomba mmeingia hewa. Kuitoa hakuhitaji gereji kubwa. Kunahitaji watu wawili wanaosikilizana, spana inayoshika barabara na mafuta mapya ya breki. Mimi ni fundi wa magari hapa Malindi, na haya ndiyo ninayoyafanya gari la namna hii likiletwa.

Hakikisha kwanza ugonjwa wenyewe. Kama pedeli inashuka polepole huku umeikanyaga kwa nguvu ileile, kagua kila gurudumu na kila bomba utafute mahali panapovuja. Usipoona kitu, yaelekea masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki) imeisha kwa ndani, na kutoa hewa hakutaitibu. Pedeli ikiwa ngumu na gari halitaki kusimama, tazama busta, kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu, na mpira wake. Na kama nyuma una dramu, kama Probox nyingi zilivyo, shuu (vipande vinavyoibana dramu kwa ndani) zilizolika bila kurekebishwa huipeleka pedeli chini vilevile. Rekebisha hizo kabla hujagusa mafuta.

Mwenye haibridi, Prius au Aqua, aishie hapa. Breki za magari hayo zina pampu yake ya umeme na hutolewa hewa kwa msaada wa kompyuta. Gari la kawaida lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki ghafla) unaweza kulifanyia kazi hii nyumbani, ila hewa ikiwa imeingia ndani ya kifaa chenyewe cha ABS, nalo pia litataka kompyuta.

Kabla ya spana, tuzungumze habari ya mafuta, maana sisi wa pwani tunaumia hapa zaidi. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, ambazo ni madaraja ya mafuta ya breki, zote hunyonya maji kutoka hewani. Yanaingia kwenye mfuniko wa kitangi cha mafuta unaofunguliwafunguliwa, na hata kidogokidogo kupitia mipira ya breki. Hewa yetu, iwe kusi au kaskazi, haikosi unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa istahimili angalau nyuzi 205 za Selisiasi bila kuchemka. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, na 155 ikiwa na maji. Ukizungukia mjini, Barani hadi sokoni, hutahisi lolote. Lakini pakia familia muende Wundanyi, kisha teremka ule mlima mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Diski zitapata moto, maji yaliyomo kwenye mafuta yatageuka mvuke, na mvuke hubanika. Pedeli itaenda hadi sakafuni na gari liendelee na safari. Kwa hiyo usingoje pedeli ilegee. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, hewa iwemo isiwemo.

Nunua chupa ambayo lakiri yake haijavunjwa. Chupa iliyofunguliwa na kuwekwa stoo tangu mwaka jana usiitie kwenye gari, hata kama imebaki nusu na roho inakuuma kuitupa. Soma mfuniko wa kitangi cha mafuta ya breki cha gari lako, utaona umeandikwa DOT ngapi. DOT 4 inaweza kuingia kwenye gari la DOT 3. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na hizo nyingine kabisa. Na oili ya injini au ya hidroliki isikaribie hapo, kwa sababu hufurisha raba za ndani na kuziharibu zote. Lita moja inatosha gari dogo, na hubaki.

Vitu vingine: jeki, stendi mbili za uhakika, spana ya ringi (Toyota nyingi ni namba 8 au 10), mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa safi, miwani ya kukinga macho, maji na matambara.

Sasa skrubu za hewa. Hizi ziko nyuma ya kila kalipa (kile kinachobana diski) na nyuma ya kila dramu, na kwa chumvi ya bahari ya hapa, nyingi zimeshikana kwa kutu. Hapa ndipo kazi ya asubuhi moja hugeuka kazi ya wiki. Siku moja kabla, toa kifuniko kidogo cha raba, sugua kutu kwa brashi ya waya, zibua tundu kwa waya mwembamba, kisha pulizia dawa ya kutu pale skrubu inapoingilia. Pulizia tena usiku. Zuia dawa hiyo isifike kwenye pedi wala diski. Kesho yake vaa spana ya ringi, si ile ya mdomo wazi, ambayo itakula pembe za skrubu. Gonga kichwa chake kwa nyundo ndogo, taratibu, kisha jaribu kukaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza. Ukihisi chuma kinajipinda badala ya kuzunguka, acha. Skrubu ikikatikia ndani, huenda ukalazimika kununua kalipa nzima. Nenda ukatafute skrubu mpya na mtu wa kukusaidia kwa moto au kwa ekstrakta, kifaa cha kung'olea skrubu iliyokatika.

Kuinua gari: viwanja vyetu vingi ni mchanga, na jeki huzama upande mmoja. Weka ubao mpana na mzito chini ya jeki na chini ya kila stendi. Zuia kwa mawe magurudumu yanayobaki chini. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi ikaze ili kumaliza nguvu ya busta. Futa vumbi juu ya kitangi kabla ya kukifungua. Nyonya mafuta machafu yaliyomo kwa bomba la sindano, ujaze mapya hadi alama ya juu.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, kwa kawaida ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Yapo magari yenye mpango mwingine, na kitabu cha gari kikisema tofauti, kifuate hicho.

Vaa spana kwenye skrubu, halafu mpira juu yake. Ncha ya pili izame ndani ya chupa uliyotia mafuta mapya kidogo. Msaidizi akae kwenye usukani. Mimi humweka mpwa wangu, na tumepatana maneno yetu. Nikisema "Kanyaga", anapampu polepole mara tatu kisha anaubana mguu na kujibu "Nimeshika, mjomba". Hapo nalegeza skrubu robo mzunguko. Mafuta yanatoka, pedeli inashuka, yeye haondoi mguu. Nakaza skrubu. Nikishakaza ndipo ninaposema "Achia". Mpango huo usibadilike hata mara moja, kwa maana akiachia skrubu ikiwa wazi, gari litavuta hewa upya na mtarudi mlipoanzia.

Chini ya pedeli wekeni kipande cha mbao ili isifike sakafuni. Kwenye gari la zamani, sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo haifikiwi siku zote huwa na kutu na uchafu, na raba ikipitishwa hapo hukatika. Breki ilikuwa na hewa tu, sasa na masta silinda imekufa.

Tazama mpira. Mwanzo mafuta yatatoka ya kahawia iliyokoza, pengine meusi, na hewa itapita kwa vipande virefu. Baadaye utaona mapovu madogo kama ya soda, moja moja. Usiwe na haraka hapo. Endelea hadi yatoke meupe au ya manjano hafifu, bila povu hata moja kwa mara nne au tano mfululizo. Kila baada ya mara tano hivi ongeza mafuta kwenye kitangi. Kikikauka, hewa inaingia masta silinda na itabidi urudie magurudumu yote.

Gurudumu likikataa kuisha mapovu, angalia skrubu iko wapi. Lazima iwe upande wa juu wa kalipa. Nimeona kalipa zilizofungwa kushoto kwa kulia baada ya matengenezo, skrubu ikiwa chini, na hewa ikakaa juu isipate pa kutokea.

Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, usisugue. Yakiingia kwenye macho, osha kwa maji yanayotiririka kwa muda mrefu, na uende hospitali.

Ukimaliza, kaza skrubu zote kwa kiasi, maana ni ndogo na hukatika ukizitumilia nguvu nyingi. Rudisha vifuniko vya raba, jaza kitangi hadi alama, funga. Msaidizi aikanyage pedeli kwa nguvu huku wewe ukikagua kila skrubu kwa tochi. Washa injini: pedeli itashuka kidogo busta ikishika, kisha isimame imara.

Jaribu gari uani kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Kisha barabara ya ndani isiyo na watoto, mara kadhaa, ukiongeza mwendo kidogokidogo. Usitoke Lamu Road katikati ya tuktuk mpaka pedeli iwe inasimama palepale kila unapoikanyaga. Mafuta machafu yafunge kwenye chupa yake, uiandike, uiweke mbali na watoto, na usiyamwage mchangani wala karibu na kisima. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, chungulia chini ya kila gurudumu na uangalie kitangi kama kimepungua.